Je, wajua kwa nini uvimbe wa taya usio saratani hukatwa pamoja na mfupa?

Mwaka 2019, madaktari mjini Chennai, India, walimpasua mvulana wa miaka saba aliyekuwa amevimba taya la chini upande wa kulia. Ndani wakatoa kifuko chenye uzito wa gramu 200 hivi. Walipokifungua wakakuta meno. Yalikuwa madogo, mengine kama chembe ya mchanga, lakini ni meno hasa, yenye enameli. Wakakaa kitako kuyahesabu moja moja, yakafika 526. Mtu mzima mwenye kinywa kilichotimia ana 32.

Kioja hicho huitwa odontoma, na ndicho cha upole katika ukoo wake, yaani uvimbe wa asili ya meno. Kikitolewa, kwa kawaida mambo yameisha. Ndugu yake, ameloblastoma, ni mkaidi. Naye si saratani, lakini mgonjwa wake anaweza kuambiwa kwamba itabidi aondolewe kipande kizima cha taya. Kwa nini adhabu kali hivyo kwa uvimbe usio saratani?

Tuanzie jino linapotengenezwa. Mimba ikiwa na wiki sita hivi, utando wa ndani ya kinywa cha mtoto huzama kwenye taya kama pindo jembamba, na kwenye pindo hilo huchipua vitumba vya meno. Humo kuna seli ambazo kazi yao ni moja tu: kupaka enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Jino likichomoza, mafundi hao wameshakufa. Ndiyo maana jino lililotoboka halijizibi, wakati mfupa uliovunjika huunga. Hata hivyo kiwanda hakifagiliwi kikaisha. Vikundi vidogo vya seli hubaki ndani ya taya na pembeni mwa mizizi, vimelala. Kwa watu wachache, huamka.

Kwenye odontoma kazi ya kutengeneza meno huendelea bila mpango wala kipimo. Kwenye ameloblastoma seli huzaana tu, na cha ajabu ni kwamba hazitoi enameli hata chembe. Ufundi wameusahau, wamebaki na kuongezeka. Mwaka 2014 watafiti walieleza sababu mojawapo: katika uvimbe mwingi wa aina hii, hasa wa taya la chini, jeni iitwayo BRAF ina hitilafu. Ni kama bomba lililoharibika koki. Amri ya "gawanyikeni" haikatiki.

Takriban ameloblastoma nane katika kila kumi huota taya la chini, mara nyingi nyuma kwenye magego. Hukua polepole, miaka na miaka, na kwa kawaida hauumi. Hapo ndipo penye balaa, maana kisichouma hakimtoi mtu nyumbani. Shavu linajaa upande mmoja, gego linalegea, mtu anang'oa gego akidhani ndilo lenye kosa, uvimbe unabaki palepale. Katika tafiti zilizofanywa Tanzania na Nigeria, ameloblastoma ndiyo inayoongoza kati ya uvimbe wa asili ya meno, ilhali katika tafiti nyingi za Marekani inaongoza odontoma. Usiharakishe kusema damu zetu ni tofauti. Odontoma mara nyingi hukaa kimya na huonekana kwa bahati, kwenye picha iliyopigwa kutafuta jino lililokataa kuota. Pasipopigwa picha, nani atajua ipo?

Daktari huanza kwa kidole. Akibonyeza taya, mara nyingine huhisi ukuta wa mfupa ukibonyea na kutoa mlio mdogo, kama ganda la yai, kwa sababu uvimbe umeula kutoka ndani. Picha ya eksirei huonyesha mashimo meusi yaliyobanana kama mapovu ya sabuni au sega la asali, na mizizi ya meno ya jirani imelika ncha. Lakini picha haitoi hukumu, maana vifuko vya majimaji vinavyozunguka jino lisilochomoza huweza kufanana nao. Lazima kikatwe kinyama kidogo, kipelekwe maabara, kitazamwe kwa hadubini.

Kwa mtoto, mwendo wa uvimbe ni ushahidi mkubwa. Taya linalofura kwa siku au wiki chache, meno yakicheza, linamfanya daktari afikirie kitu kingine: limfoma ya Burkitt, saratani ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona akiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Hiyo hutibiwa kwa dawa, na kuchelewa kwake ni hatari.

Sasa turudi kwenye kisu. Ameloblastoma hautulii ndani ya ngozi yake. Hupenyeza vidole vyembamba katika mfupa laini wa ndani, na vidole hivyo huvuka mpaka unaoonekana kwenye picha kwa milimita kadhaa. Ukiukwangua tu, umekata mti ukaacha mizizi. Ripoti nyingi zimeonyesha ukirudi kwa zaidi ya nusu ya waliokwanguliwa. Ndiyo maana mpasuaji hukata na sentimita moja hadi mbili za mfupa mzima pande zote. Ipo aina ya shimo moja, inayowapata zaidi vijana, ambayo wakati mwingine hutibiwa kwa upole zaidi.

Pengo huzibwa kwa bamba la titani, au kwa mfupa wa nyonga. Likiwa refu, huchukuliwa ule mfupa mwembamba ulio pembeni mwa muundi, pamoja na mishipa yake ya damu, ambayo huungwa na mishipa ya shingo. Mguu hutembea bila huo mfupa, kwa kuwa uzito wa mwili hubebwa na mwenzake mnene. Baadaye yanaweza kupandikizwa meno ya bandia juu yake, mtu akawa anatafuna nyama kwa mfupa wa mguu.

Vidonge vinavyoifunga ile koki ya BRAF navyo vimewahi kuupunguza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa, ila bado kisu ndicho tiba kuu. Na baada ya kisu, eksirei kila mwaka, kwa miaka kumi au zaidi, maana uvimbe huu umewahi kurudi wakati mgonjwa ameshasahau upande uliopasuliwa.