Kiwashio cha Moto Si Kila Kinachowaka Haraka

Siku hizi neno kiwashio linabebeshwa kila kitu chenye uwezo wa kutoa mwali mkubwa: kipande cha mfuko wa nailoni, mafuta ya taa yaliyomiminwa juu ya mkaa, hata petroli. Ukiuliza kwa nini vitu hivyo vihesabiwe kuwa viwashio, unajibiwa kwamba vinawaka haraka. Jibu hilo ndilo linalopotosha, kwa sababu wepesi wa kuwaka ni nusu tu ya sifa inayotakiwa, tena nusu iliyo rahisi kuipata.

Kiwashio ni kitu kinachoshika moto kwa njiti moja ya kibiriti, kisha kikaukalisha moto huo mahali pamoja kwa muda wa kutosha mpaka kuni au mkaa vishike. Kinachoanzisha mwali ni kibiriti, na kinachopika chakula ni kuni au mkaa. Kiwashio husimama katikati ya hivyo viwili, na kazi yake ikiisha hakina faida nyingine jikoni.

Umuhimu wa muda unaonekana zaidi kwa anayepikia mkaa. Mkaa ni mti uliochomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, na katika uchomaji huo sehemu kubwa ya gesi zinazofanya kuni zitoe mwali imekwisha kutoka. Kinachobaki kwa wingi ni kaboni, ambayo hairukii moto kwa pupa bali hupata joto polepole hadi ukingo wa kipande ugeuke mwekundu. Karatasi kavu hushika moto kwenye joto la nyuzi 230 hivi za Selsiasi, lakini ukurasa mmoja wa gazeti huwa majivu kabla mkaa ulio juu yake haujapata joto la maana. Ndiyo sababu mtu huweza kuteketeza gazeti zima chini ya jiko, akapepea hadi mkono ukachoka, na mkaa ukabaki mweusi kama ulivyotoka gunia. Mwali wa gazeti ulikuwa mkubwa, ila haukudumu.

Kinachougeuza mwali wa muda mfupi kuwa mwali unaodumu ni mafuta au nta iliyonywewa na kitu chenye nyuzinyuzi. Hapa kibatari kinatufundisha vizuri: utambi wake ni pamba ambayo peke yake ingeungua mara moja, lakini maadamu kuna mafuta yanayopanda ndani yake, kinachoungua hasa ni mvuke wa mafuta, na pamba huanza kuliwa pale mafuta yanapokauka. Kiwashio kizuri cha kutengeneza nyumbani kimejengwa kwa mpango huohuo, yaani kitu cha kunywa na kitu cha kunywewa, na kinachokosa kimojawapo kitashindwa ama kuwaka ama kudumu.

Ukilitazama kapu la taka kwa jicho hilo, utaona vitu kadhaa vilivyokuwa vikitupwa bure. Karatasi iliyofungiwa maandazi au mihogo ya kukaanga, ile yenye madoa yanayopitisha mwanga ukiishika dhidi ya dirisha, ni kiwashio kilichokwisha kutengenezwa, kwa kuwa imekunywa mafuta bila mtu kukusudia. Ikisokotwa kwa kukazwa, huwaka polepole kuliko karatasi kavu ya ukubwa uleule. Watu wa pwani wana makumbi ya nazi, ambayo nyuzi zake zikichambuliwa hupokea moto kwa urahisi. Vifuu navyo huchelewa kidogo kushika lakini huwaka kwa ukali, kwa hiyo mahali pake ni baada ya makumbi, si badala yake. Ganda la chungwa nalo lina lake. Mafuta yake yako kwenye ngozi ya juu yenye rangi, si kwenye nyama nyeupe iliyo chini yake, na anayetaka uthibitisho alikamue ganda bichi mbele ya mshumaa aone jinsi matone yanavyometameta na kulia yakipita kwenye mwali. Wauza machungwa wa mitaani humenya ngozi hiyo ya juu peke yake, kwa vipande vyembamba virefu, na vipande hivyo vikianikwa vikakauka hadi kuvunjika kwa vidole huwa viwashio visivyohitaji kuongezwa chochote.

Aina inayodumu zaidi hutengenezwa kwa trei ya mayai ya karatasi, maranda kutoka kwa fundi seremala, na vipande vya mishumaa vilivyobaki. Kila kishimo cha trei hujazwa maranda makavu yasiyoshindiliwa sana, kisha humiminiwa nta iliyoyeyushwa, na ikiganda vishimo hukatwa kimoja kimoja. Kimoja kikiwashwa kwenye ukingo wa karatasi kinaweza kuwaka kwa dakika 10 hivi, muda unaotosha mkaa wa jiko dogo kushika. Nta iyeyushwe ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria yenye maji yanayochemka, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta ya mishumaa huyeyuka kwenye nyuzi 50 hadi 70 hivi, na maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100, kwa hiyo haitafika kwenye joto la kutoa mvuke unaolipuka. Ikitokea ikashika moto, ifunikwe kwa mfuniko. Maji yakimwagwa juu yake hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha nta inayowaka pande zote.

Turudi sasa kwenye nailoni. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017, lakini vifungashio vyembamba, chupa za maji na vipande vya ndoo zilizopasuka havikosekani uani, na wengi huviona kuwa msaada wa bure wa kuwashia jiko. Plastiki huyeyuka kabla ya kuungua, na kwa kuwa haina utambi wa kuishikilia, hudondoka kwa matone yanayowaka hadi kwenye sakafu ya jiko, ikaganda na kuziba matundu ambayo hewa ingepitia. Moshi wake mweusi hukaa kwenye sufuria na kwenye mapafu ya anayepepea, na ikiwa kipande chenyewe ni cha PVC, yaani plastiki yenye klorini, kama ile ya bomba au ganda la waya wa umeme, huo moshi hubeba asidi ya hidrokloriki na dayoksini, ambazo ni kemikali zenye sumu. Kwamba mkaa mara nyingine hushika baada ya hayo yote ni kweli, wala sibishani na aliyeona kwa macho yake. Ninachokataa ni kukiita kiwashio kitu kinachoukimbia mkaa na kwenda chini wakati mkaa uko juu.

Mafuta ya taa yana kasoro inayofanana na hiyo. Yakimwagwa juu ya mkaa, kiasi kikubwa huteremka hadi chini ya jiko, na yaliyobaki juu hutoa mwali mrefu wa muda mfupi unaoacha harufu kwenye wali. Mafuta hayohayo, kiasi cha kijiko kimoja, yakinyweshwa gunzi kavu la mahindi na chombo cha mafuta kikaondolewa mbali kabla ya kuwasha, hukaa kwenye gunzi na kuungua pale yanapohitajika. Kwa hiyo si kwamba mafuta ya taa hayafai; ni kwamba peke yake hayajawa kiwashio. Petroli haina nafasi hata kwenye gunzi, kwa sababu hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi kali, na mvuke huo husambaa uani kabla njiti haijasuguliwa.

Basi jirani anayelalamika kwamba viwashio vyake vya trei ni dhaifu kwa kuwa mwali wake hauzidi urefu wa kidole, asicheke wala kuchekwa. Aombwe tu aweke vipande vitatu vinne vya mkaa kukizunguka kimoja, aache nafasi ya hewa katikati, asipepee mapema, kisha avitazame vile vipande vya mkaa badala ya kuutazama mwali.