Kampuni yenu ina miaka 30, lakini haiwezi kuasili mtoto

Simu ya Jumatatu ndiyo iliyonikalisha kuandika. Dada mmoja wa idara ya rasilimali watu, sauti ya adabu, alianza na shikamoo mama, nikaitikia marahaba, kisha akaingia kwenye lililomleta: bodi yao imepitisha kuasili watoto watano kutoka kwenye makao ya watoto hapa wilayani, na anaomba fomu mapema kwa sababu hafla ni mwisho wa mwezi. Nikamuuliza, anayeasili ni nani? "Kampuni, mama." Nikaanza kumweleza, akanikatiza kwa upole. Mwanasheria wao ameshalitazama jambo hilo. Kampuni ni mtu kisheria. Sharti la umri ni miaka 25, na kampuni yao imetimiza 30.

Nina miaka 19 kwenye ustawi wa jamii na hoja hii nimeshaisikia kwa mabenki, kwa viwanda, hata kwa kikundi cha vikoba kilichosajiliwa. Naiandika mara moja, ili anayefuata nimtumie hapa asome.

Mwanasheria wao amepatia nusu. Tangu kesi ya mtengeneza viatu Aron Salomon, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1897, kampuni inahesabika kuwa mtu mbali na wenye hisa zake: inamiliki, inadai, inadaiwa, inashtakiwa. Nasi hapa Tanzania, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema neno "mtu" linajumuisha kampuni. Lakini tafsiri hiyo inakoma pale sheria inayosomwa inapoonyesha maana nyingine, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaionyesha wazi. Inazungumza juu ya mume na mke wanaoomba pamoja, juu ya mwombaji aliye peke yake, juu ya jamaa wa mtoto. Inataka mwombaji awe na zaidi ya miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Hiyo 21 haikuwekwa ili watu wapige hesabu za tarehe ya usajili wa kampuni. Ni umri wa kizazi kimoja: mtu ambaye angeweza kumzaa mtoto huyo. Kenya nako miaka ni hiyohiyo, 25 na 21, na wao wameweka na kikomo cha juu, 65. Mwenye kuweka kikomo cha uzee anamfikiria mtu anayezeeka.

Kisha kuna kazi yenyewe. Kabla faili halijafika Mahakama Kuu, afisa kama mimi anakwenda nyumbani kwa mwombaji. Naangalia mtoto atalala wapi. Nazungumza na majirani, na mjumbe, na watoto wengine wa nyumba hiyo. Nauliza mama akiugua nani atampeleka shule. Mtoto anakaa kwanza na mwombaji kwa malezi ya kambo, yaani ya muda, huku nikipita pita kuona wanavyozoeana. Ripoti ya uchunguzi wa kijamii ya kampuni ningeiandikia wapi? Mapokezi? Na mtoto akishaasiliwa anarithi kama aliyezaliwa humo. Kampuni haifi kama mtu anavyokufa, basi mtoto angerithi nini, na lini?

Hapo wengi hunijibu kuwa ndiyo faida yenyewe: mzazi hufa, kampuni hudumu. Mwenye hoja hii nitamwomba atazame jina la ofisi inayotunza daftari la watoto walioasiliwa. Ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Usajili wa mtoto na ufilisi wa kampuni vinakaa chini ya paa moja. Kampuni huuzwa, huunganishwa, hufungwa, hubadilisha mkurugenzi, na mkurugenzi mpya huja na vipaumbele vyake. Mwaka wa fedha una miezi 12. Utoto una miaka 18.

Sasa nije kwenye linalonikera hasa. Ni maneno.

Kiswahili kina maneno manne hapa na kila moja lina kazi yake. Kulea ni kumshika mtoto kila siku: kumlisha, kumwogesha, kumkemea, kumjua. Mama mkubwa analea, bibi analea, mlezi wa makao analea kwa mshahara. Kufadhili ni kutoa fedha kwa ajili ya mtoto ambaye yuko kwa mtu mwingine. Udhamini wa mali ni kushika kilicho cha mtoto mpaka akue, na hapa, naomba msikie vizuri, taasisi inafaa kabisa: shirika linaweza kuwa mdhamini wa fedha za yatima, likatoa hesabu na kuulizwa mahakamani. Kuasili kunavunja uzazi mmoja wa kisheria na kujenga mwingine. Baada ya amri ya mahakama, mzazi wa kuzaa hana tena haki wala wajibu kwa mtoto huyo, na wewe uliyeasili huwezi kumrudisha biashara ikienda kombo.

Bango la hafla linaandika KUASILI mahali pa KUFADHILI, na mlezi wa makao anawaambia watoto kwamba leo wanakuja "wazazi wapya". Mtoto wa miaka sita anasikia neno hilo kama lilivyo. Anafua nguo yake ya Ijumaa. Anasimama mbele. Wageni wanakuja na fulana zenye nembo, mchele, mafuta, magodoro, na ule mfano wa hundi unaobebwa na watu wawili. Picha zinapigwa, gari linaondoka.

Binti mmoja, nitamwita Neema na si jina lake, alinifungulia begi lake la nguo nilipokwenda kukagua makao. Alikuwa na fulana nne za kampuni nne, amezikunja vizuri. Alizipanga kitandani kufuata nani alikuja kwanza. Akaniuliza, "Mama ustawi, hawa wa njano walisema watanichukua. Wamebadilisha namba?" Alikuwa na miaka minane. Nimesoma ripoti nyingi kuhusu watoto na upendo wa kukatikakatika, ila hakuna iliyonifundisha kama kitanda kile.

Kwa ndugu zangu wa pwani na visiwani jambo hili lina uzito mwingine. Muislamu hamwasili mtoto kwa maana ya kumbadilishia nasaba. Surat Al-Ahzab inaagiza waitwe kwa baba zao. Kuna kafala: unamchukua, unamlea kama wako, jina la baba yake linabaki. Sheria ya watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaitambua kafala, Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kwa jina katika kifungu cha 20. Kampuni inayotaka "kumpa mtoto jina la familia yetu" kwenye bango lake imekosea mara mbili ikilitundika Unguja.

Wapo wanaodhani wazo la kampuni kuchukua watoto ni jipya na la kiungwana. Ni la zamani sana. Mwaka 1619 Kampuni ya Virginia ilipokea watoto 100 waliokusanywa mitaani London, ikawavusha bahari kwenda kufanya kazi Marekani. Mwaka 1790 Samuel Greg alijenga nyumba ya watoto kando ya kiwanda chake cha pamba cha Quarry Bank, karibu na Manchester. Watoto wa fukara walipelekwa humo kwa mkataba, wakapata chakula, kitanda, daktari na masomo kidogo, na mchana kutwa walifanya kazi kwenye mashine. Greg alihesabiwa kuwa mwajiri mwema kwa zama zake, nami naamini alikuwa hivyo. Ndiyo maana namtaja. Hata mwema, akiwa yeye ndiye mlezi na yeye ndiye mwenye faida, mtoto anabaki bila mtu wa tatu wa kumlalamikia. Bunge la Uingereza lililazimika kutunga sheria ya watoto hao wa viwandani mwaka 1802.

Faida za kampuni zipo, na sitaki kuzipuuza, kwa sababu bajeti yangu naijua. Kampuni inalipa kwa wakati. Inaweza kukata bima ya afya ya watoto 40 kwa siku moja, jambo ambalo halmashauri itaandikiana barua mwaka mzima. Nina vijana waliomaliza chuo cha ufundi kwa ada ya kampuni moja iliyolipa miaka saba mfululizo bila kuja kupiga picha hata mara moja. Bila wao vijana wale wangekuwa vibarua tu. Mkono mtupu haulambwi, na ustawi wa jamii mikono yetu mara nyingi ni mitupu.

Lakini nitawaonyesha mpaka wa fedha. Usiku mmoja wa Jumamosi mvulana wa makao alishikwa na ngiri, ilikuwa imebana, na daktari alitaka kumpasua saa hiyohiyo. Gharama hazikuwa tatizo, kuna kampuni ilikuwa imelipia. Fomu ya ridhaa ndiyo ilikuwa mezani, na wazi pale pa kuweka sahihi. Tulimpigia afisa uhusiano wa kampuni ambayo mwezi uliotangulia ilikuwa imetangaza kuwa "mzazi" wa watoto wale. Simu ilikuwa imezimwa, kama simu za kazini zinavyozimwa Jumamosi usiku, na simlaumu. Aliyetia sahihi ni mlezi wa makao, na mkono ulimtetemeka. Ndiye aliyekaa kwenye benchi la wodi mpaka alfajiri, kitenge kimemfunika mtoto miguu, kwa sababu mvulana alikataa kumwachia kidole gumba.

Kidole gumba kile kina utafiti nyuma yake. Huko Bucharest, Romania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanasayansi walifuatilia watoto 136 wa vituo, nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi na nusu wakaendelea na huduma ya kawaida. Waliopelekwa kwenye familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikua vizuri zaidi kiakili na katika kushikamana na watu. Vituoni chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja anayerudi kila siku. Rwanda walilielewa hilo, wakaanza mwaka 2013 mpango wa Tubarerere mu Muryango, wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha kwenye familia. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unakwenda njia hiyohiyo. Kampuni inayojenga bweni jipya la yatima mwaka huu inavuta kamba upande mwingine. Wengi wa watoto ninaowakuta makaoni wana mama hai, au bibi, au mjomba, aliyewaleta kwa sababu ya unga na ada. Fedha ya bweni ingemfikia bibi, mtoto asingefika kwangu.

Nikishasema hivyo, lazima niseme na yanayoninyima usingizi. Niliwahi kumtoa binti makaoni nikampeleka kwa shangazi yake, kila karatasi ikiwa sawa. Baada ya mwaka nilimkuta amekuwa mtumishi wa ndani wa nyumba ile na shule ameacha. Makaoni angekuwa kidato cha pili. Mara nyingine nilikubali kampuni imsomeshe mtoto mmoja katika nyumba ya watoto watano, na ndugu zake wakaanza kumwita "wa kampuni", wakamnyima hata nafasi kwenye mkeka. Siku hizi nasisitiza fedha isaidie kaya nzima, na kuna wafadhili wananikimbia kwa sababu kaya haina sura ya kuweka kwenye ripoti. Sijajua kama siku nilipowakatalia wafadhili kama hao nilimlinda mtoto au nilimnyima ada. Faili lipo, nalifungua mara kwa mara.

Kampuni ikiniuliza ifanye nini, naiambia iangalie ndani kwanza, kwa wafanyakazi wake. Kenya tangu mwaka 2021 mfanyakazi anayeasili ana likizo ya mwezi mmoja yenye malipo kamili. Kampuni yoyote ya hapa inaweza kuiweka kwenye kanuni zake kesho, bila kusubiri bunge. Iwalipie wafanyakazi wake wakili na nauli za mahakamani. Ilipe mishahara ya maafisa wa kutafuta familia. Dave Thomas, mwanzilishi wa migahawa ya Wendy's huko Marekani, mwenyewe aliasiliwa akiwa mchanga. Mwaka 1992 alianzisha mfuko, na mfuko huo leo unalipia watu ambao kazi yao ni kuwatafutia familia watoto waliokaa muda mrefu bila wazazi. Migahawa haikumwasili mtu.

Dada yule alipiga tena Alhamisi. Hafla imeahirishwa, akasema, na bodi haijafurahi. Halafu akashusha sauti: kuna dereva wao na mkewe, wana miaka tisa kwenye ndoa, walisikia habari za watoto watano wakamfuata pembeni kumuuliza kama watu wa kawaida nao wanaruhusiwa. Nimewapangia Jumanne saa tatu asubuhi. Waje na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa, na wasilete zawadi.