Faili Lako la Hospitali: Usiishie Kuomba Nakala

Kazi yangu ni kumbukumbu za afya, na swali linalonifikia zaidi ni hili: nikitaka nakala ya faili langu, lazima nieleze naitakia nini? Hapana. Mwaka 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la mgonjwa wa Ujerumani aliyeshuku kuwa daktari wake wa meno amekosea. Daktari alitaka alipwe gharama za nakala. Mahakama ikasema nakala ya kwanza ni bure na mgonjwa halazimiki kutoa sababu, hata kama anajiandaa kumdai daktari huyohuyo.

Omba kwa maandishi na utaje unachotaka: majibu ya vipimo, picha, maelezo ya upasuaji. Ukisema "kila kitu", mara nyingi utaishia kupewa muhtasari. Muda wa kujibu Ulaya ni mwezi mmoja, Marekani siku 30, ingawa kote unaweza kuongezwa.

Ukikuta kosa, tuseme umeandikiwa aleji usiyo nayo, una haki ya kudai lirekebishwe. Usishangae wakiliacha neno la zamani na kuambatisha sahihisho. Wengi huudhika; mimi naunga mkono, maana kuna daktari aliyekwisha kuchagua dawa kwa kulitegemea neno lile.

Kuhusu usiri, watu huogopa wadukuzi. Mimi huwaza zaidi macho ya humo humo ndani. Nesi mmoja wa Finland, aliyekuwa akiishi na VVU, alitibiwa katika hospitali aliyofanyia kazi, kisha akahisi wenzake wanajua. Angethibitishaje? Mfumo ulionyesha mara tano za mwisho tu faili lilipofunguliwa, tena kwa jina la kitengo, si la mtu. Mahakama za nchini zikamnyima kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikampa ushindi: haikuwa haki kumbebesha mzigo wa ushahidi ambao mfumo wa hospitali yenyewe ulishindwa kuuhifadhi.

Kwa hiyo katika barua yako ongeza mstari mmoja: nani amefungua faili langu, na lini? Si kila sheria itawalazimisha wakupe majina ya wafanyakazi, lakini hata tarehe na kitengo vinatosha kuanzia. Ukiona kitengo ambacho hujawahi kukanyaga, andika tena, safari hii kwa afisa anayesimamia ulinzi wa taarifa.