Jasho la kiganjani halipimi mapenzi

Bado linazunguka dai hili, kutoka vipimo ambamo mzazi husikilizishwa kilio cha mtoto huku mashine ikichora mstari wa jasho la mkono wake: mtoto analia, mstari haupandi, basi mama "hana uchungu na mwanawe". Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sijasikia mzee yeyote akitaja elektrodi, vile vipande vya mashine vinavyobandikwa kwenye ngozi. Elektrodi mbili za vidoleni hupima jasho, na jasho halisemi limetokana na nini. Aliyejaa huruma, aliyekasirika na aliyeshtuka tu, wote mstari utawapandia vilevile.

Tanga kuna shida hata kabla ya hapo. Kaskazi ikivuma, kwenye chumba cha Ngamiani chenye fukuto, ngozi imeshalowa kilio hakijaanza. Mstari unaanzia juu na kupanda kwake hakuonekani vizuri. Mikono ioshwe kwa sabuni isiyo kali, maana mafuta ya nazi hufanya elektrodi zisishike, kisha ikauke. Zifunge elektrodi kwenye mkono asioutumia sana, subiri dakika 5 hadi 10. Pangaboi liwashwe tangu mwanzo, lisiguswe tena. Mwitikio wa kweli huja sekunde 1 hadi 3 baada ya sauti kuanza. Ukiwahi zaidi, tafuta kikohozi au pumzi ndefu. Jirani akianza kutwanga kisamvu, simamisha.

Sasa linalonikera hasa. Watu wanapiga kilio kilichorekodiwa, mapigo ya moyo yanabadilika, wanaandika "hisia za mzazi". Sauti yoyote kubwa ya ghafla ingefanya hivyo! Weka na sauti isiyo kilio, urefu uleule, desibeli (ukubwa wa sauti) zilezile, zipimwe pale lilipo sikio, si mdomoni mwa spika. Cha kuzungumzia ni tofauti kati ya hizo mbili. Tena msingoje moyo uende mbio tu. Mtu akitega sikio, moyo hupunguza kasi kwanza, sekunde chache, ndipo huenda ukapanda. Ukichukua wastani wa dakika 2 nzima, kushuka na kupanda vinafutana, unapata mama asiye na hisia. Huyo umemtengeneza wewe.

Kipima nguvu za mkono, kifaa cha kubana kwa kiganja, ni rahisi: abane kwa nguvu zote, ajifunze nusu yake akitazama namba, kisha abane nusu bila kutazama, kilio kikiendelea. Anayezidisha husemwa anashindwa kujizuia. Mkono uliochoka nao hukosea, kwa hiyo apumzike kati ya mibano.

Maswali yaje mwisho. "Ulijisikiaje?" hujibiwa "kawaida tu", hasa mama mkwe akiwa amekaa palepale mkekani. Uliza faragha, huruma kivyake na kero kivyake, 1 hadi 5. Mama wa mtoto wa wiki 6, umri ambao kilio huwa kimepamba moto, anaweza kuweka 5 kote kuwili na hana kasoro yoyote.

Kuna doa moja sijaweza kulifuta. Kilio kikiwa cha mtoto wa mwingine, mzazi anajua hakuna wa kunyonyesha wala wa kubeba. Kikiwa cha mwanawe, kila mzazi amesikia sauti tofauti, na kuwalinganisha wazazi kunalegea. Mimi hupiga vyote viwili, nikijua kikao kinarefuka na mtoto halisi, aliyeachwa kwa bibi yake, ataanza kulia kweli chumba cha pili.