Ushawishi wa kigeni vyuoni: sheria za majimbo ya Marekani zina maana gani?

Jimbo la Marekani likitunga sheria ya kulinda vyuo vikuu vyake vya umma dhidi ya ushawishi wa kigeni, linagusa mambo matatu: pesa zinazotoka kwa serikali za nje au mawakala wake, mikataba ambayo chuo kinasaini nao, na watu wanaopewa nafasi za utafiti. Hofu iliyopo ni kwamba mfadhili wa nje anaweza kuamua nini kifundishwe na nini kinyamaziwe, au akachukua matokeo ya utafiti uliolipiwa na mlipakodi.

Majimbo yana nguvu hiyo kwa sababu vyuo vikuu vya umma ni vyao, si vya serikali ya Washington. Bunge la jimbo ndilo linalovitengea bajeti, na mara nyingi gavana ndiye anayeteua wajumbe wengi wa bodi zake.

Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ipo tangu 1986. Inavitaka vyuo vitangaze zawadi na mikataba ya kigeni inayofikia dola 250,000 kwa mwaka, lakini kwa miaka mingi vyuo vingi havikuitilia maanani. Mwaka 2019 kamati ndogo ya Seneti ilichunguza Taasisi za Confucius, zile zile za lugha na utamaduni wa Kichina ambazo Chuo Kikuu cha Nairobi kinayo tangu 2005. Iligundua kuwa karibu asilimia 70 ya vyuo vilivyopokea zaidi ya dola 250,000 kutoka ofisi ya China iliyokuwa ikizisimamia havikutoa taarifa ipasavyo. Mwishoni mwa mwaka huo huo, kituo cha saratani cha Moffitt mjini Tampa, Florida, kiliachana na mkurugenzi wake mkuu na watafiti kadhaa baada ya uchunguzi wa ndani kuonyesha kwamba hawakutaja uhusiano wao na programu za China za kuvutia wanasayansi. Wabunge wa Florida hawakungoja tena.

Sheria yao ya 2021 ina meno. Chuo lazima kitangaze kwa jimbo kila zawadi au mkataba wa kigeni wa kuanzia dola 50,000, mara mbili kwa mwaka. Kikificha, faini ni asilimia 105 ya kiasi kilichofichwa, maana yake chuo kinapoteza pesa yote na nyongeza juu yake. Aliyefichua siri hiyo anaweza kupata robo ya faini itakayolipwa. Sehemu hii naiunga mkono kwa moyo wote. Chuo cha umma hakina sababu ya kumficha mwananchi nani anakilipa, awe ametoka Beijing, Doha au London.

Mwaka 2023 Florida ilisonga mbele zaidi. Ilitaja nchi saba inazozitilia shaka: China, Urusi, Iran, Korea Kaskazini, Cuba, Venezuela na Syria. Vyuo vya umma vikakatazwa kuingia makubaliano na serikali za nchi hizo, vyuo vyake, na hata mtu binafsi ambaye makazi yake ya kudumu yako huko na si raia wala mkaazi wa kudumu wa Marekani, hadi kibali kitolewe na bodi ya juu. Kwa hiyo mwanafunzi wa uzamivu kutoka China, anayetegemea posho ya usaidizi wa utafiti ili aweze kusoma, akajikuta ndani ya wavu uliotegwa kwa ajili ya serikali yake. Machi 2024 wanafunzi wawili na profesa mmoja walikwenda mahakamani, wakidai sheria inawabagua na kwamba masuala ya uhamiaji ni ya serikali ya shirikisho.

Hapo ndipo ninapoachana na sheria hii. Mkataba unasomeka, lakini nia ya mtu huwezi kuisoma kwenye pasipoti yake. Tazama yaliyompata Anming Hu, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Tennessee, ambacho ni cha umma. Alikamatwa Februari 2020 akituhumiwa kuficha uhusiano wake na chuo kimoja cha China, akapoteza kazi. Baraza la mahakama, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, lilishindwa kuafikiana, na Septemba 2021 jaji akamwachia huru. Mwaka mmoja na nusu wa maisha ya mtu ulikuwa umekwisha kwenda.

Wasomaji wa Afrika Mashariki nao wanaguswa. Sheria ya Florida ya 2021 inataka raia yeyote wa kigeni asiye na ukaazi wa kudumu achunguzwe anapoomba nafasi ya utafiti katika chuo chenye bajeti ya utafiti ya dola milioni 10 au zaidi. Mkenya au Mtanzania anayeomba nafasi hiyo hutakiwa kuleta nakala kamili ya pasipoti, fomu yake ya maombi ya viza, orodha ya vyuo alivyosoma, kazi zote alizofanya tangu atimize miaka 18, machapisho yake yote, na kila ufadhili wa utafiti alionao au anaousubiri. Kama shahada ulisomea Wuhan au Beijing kwa ufadhili wa serikali ya China, kama walivyofanya vijana wengi wa kwetu, iandike wazi pamoja na jina la aliyekulipia. Shahada yenyewe haikufungii mlango. Maelezo yasiyo ya kweli au yanayokosa kitu ndiyo yanayoweza kulikwamisha ombi lako.