Wijeti haifi kwa kusahauliwa: dhana potofu kuhusu kuunda na kuharibu wijeti

Anayejifunza kutengeneza programu za madirisha kwa Python mara nyingi huanzia kwenye Tkinter, maktaba ya Python ya kazi hiyo. Kuunda kitufe ni mstari mmoja, kukiharibu ni mstari mmoja, na urahisi huo huzaa imani nyingi zisizo na msingi. Mzizi wake ni mmoja: watu hudhani kitufe ni kimoja, kumbe ni viwili. Kuna kitu cha Python kilichomo kwenye msimbo wako, na kuna wijeti yenyewe (yaani kitufe, lebo au kipande kingine cha dirisha) inayoishi ndani ya Tk. Tk, maktaba inayochora madirisha hayo, ni kazi ya John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ilitoka mwaka 1991, na iliandikwa kwa ajili ya lugha ya Tcl, si Python. Tkinter hupeleka maagizo yako huko, basi. Kila upande una uhai wake.

"Nikifuta jina lake, kitufe kinaondoka"

Hakiondoki. Andika `del kitufe`, au kiunde ndani ya funksheni kisha iache funksheni imalizike: kitufe kitabaki kwenye skrini na kitaendelea kubofyeka. Kila wijeti huundwa chini ya mzazi wake, na mzazi humsajili mtoto katika kamusi yake iitwayo `children`. Ukiliachia jina lako, mzazi bado anamshikilia mtoto. Upande wa Tk nako kitufe kina anwani yake, mathalani `.!frame.!button`, na Tk haina habari na majina uliyoyachagua wewe.

Hapa ndipo wengi hunaswa na mstari huu:

`kitufe = Button(fremu, text="Lipa").pack()`

Kitufe kinatokea vizuri, lakini ukikigusa baadaye unaambiwa `kitufe` ni `None`. Kilichohifadhiwa ni jibu la `pack()`, na `pack()` hairudishi chochote. Unda kwenye mstari wa kwanza, panga kwenye wa pili.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba kwa picha mambo ni kinyume kabisa. Lebo haikishikilii kitu cha Python cha `PhotoImage`. Jina la picha likipotea, Python hukisafisha kitu hicho, na katika kusafishwa kwake picha hufutwa hadi ndani ya Tk, ukabaki na lebo tupu bila ujumbe wowote wa kosa. `StringVar` (kitu cha Python kinachobeba maandishi ya wijeti) nayo ina tabia hiyohiyo. Dawa ya picha ni kuandika `lebo.picha = picha`, ili uhai wa picha ufungamane na wa lebo. Mstari huo unaonekana hauna kazi, na ndiyo maana mtu anayesafisha msimbo wa mwenzake huufuta.

"Kuficha na kuharibu ni mamoja, mradi haionekani"

Hii ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote, kwa sababu programu yenye kosa hili hupita majaribio yote ya mezani.

Chukua programu ya duka yenye kisanduku cha kutafutia bidhaa. Kila herufi inapoandikwa, orodha huchorwa upya. Orodha ina safu 50, na kila safu ina wijeti 4: fremu, lebo ya jina, lebo ya bei na kitufe cha kuongeza. Mwandishi huziondoa safu za zamani kwa `pack_forget()`, kisha huunda mpya. Machoni orodha imebadilika. Ndani ya Tk wijeti 200 za mwanzo zipo zote, na juu yake zimeongezwa 200 nyingine. `pack_forget()` huiambia Tk iache kuipangia wijeti nafasi, haiambii iiharibu.

Kwenye Windows, Tk huipa karibu kila wijeti dirisha lake la mfumo, na Windows kwa kawaida huruhusu programu moja kuwa na vitu 10,000 tu vya aina hiyo. Fanya hesabu: 200 mara 50 ni 10,000. Maana yake ni kwamba orodha ikichorwa mara 50 hivi, na muuzaji anayeandika majina marefu hufika huko asubuhi hiyohiyo, madirisha mapya hukataa kuundwa. Atakayeitwa kutengeneza ataifunga programu na kuifungua, itafanya kazi, na kompyuta ndiyo itakayolaumiwa.

Najua hoja inayofuata: si mfumo wa uendeshaji hurudisha kumbukumbu yote programu inapofungwa? Hurudisha, kweli. Lakini programu ya kaunta hufunguliwa asubuhi na kufungwa usiku, na tatizo limo katika saa hizo za katikati.

Kinachotakiwa ni kuharibu watoto wa fremu kabla ya kuijaza tena:

`for w in fremu.winfo_children(): w.destroy()`

Usipitie `fremu.children` moja kwa moja, maana kila `destroy()` hupunguza kamusi hiyo wakati bado unaizungukia, na Python itagoma. Tena si lazima kuzunguka ndani ya kila safu. Ukiharibu fremu ya safu, lebo na kitufe chake huondoka nayo.

Kuficha kuna mahali pake. Paneli ya mipangilio inayofunguliwa na kufungwa kila mara ni afadhali ifichwe, na `grid_remove()` hata hukumbuka safu na nguzo iliyokuwapo, jambo ambalo `grid_forget()` halifanyi.

"Baada ya destroy() hakuna kilichobaki"

Kitu cha Python hubaki, kama ufunguo wa nyumba iliyokwisha bomolewa. Unaweza kukichapisha na kukipitisha kwenye funksheni, ila ukikiomba kazi utajibiwa `invalid command name`. Mfano wa kila siku ni kidirisha cha kujaza jina chenye kitufe cha Hifadhi: mwandishi anaita `kidirisha.destroy()`, na mstari unaofuata anaita `sehemu.get()`. Maandishi yamekwisha kwenda na wijeti. Soma kwanza, haribu baadaye. Ukiwa na shaka, `winfo_exists()` itakuambia kama wijeti bado ipo.

Kazi ulizozipangia muda kwa `after()` nazo hubaki. Saa inayojisasisha kila sekunde itaamka tena, itakuta lebo yake haipo, na itatapika kosa. Hifadhi kitambulisho kinachorudishwa na `after()`, kisha kifute kwa `after_cancel()` kabla ya kuharibu dirisha.

Kuhusu alama ya X pembeni ya dirisha: hiyo ni ombi tu. Tk hulijibu kwa kuharibu dirisha pale ambapo hukuweka jibu lako. Ukishaweka funksheni yako kwa `protocol("WM_DELETE_WINDOW", ...)`, kuharibu ni juu yako, na ukisahau, dirisha halifungiki.

"Kila dirisha jipya linataka Tk() yake"

Halitaki. Kila `Tk()`, amri inayofungua dirisha kuu, huanzisha mkalimani (mtekelezaji wa maagizo) mpya wa Tcl, na picha au `StringVar` za upande mmoja hazionekani upande wa pili. Dirisha la pili ni `Toplevel`.

"Ukijua maktaba moja, umezijua zote"

Mzazi kumiliki watoto, hilo utalikuta karibu kila mahali. Mengine hutofautiana vibaya. Katika PyQt, inayoiunganisha Python na maktaba ya madirisha ya Qt, dirisha lisilo na mzazi, lililoshikwa na jina la ndani ya funksheni tu, huwaka na kutoweka mara funksheni inapoisha, kwa kuwa Python ikisafisha kitu chake, cha Qt nacho hufutwa. Qt pia, `close()` ikiitwa, kwa kawaida huficha tu, mpaka uwe umeweka `WA_DeleteOnClose`.

GTK, maktaba nyingine ya madirisha, hata imebadilika yenyewe kwa yenyewe. Katika GTK 3 wijeti huzaliwa imefichwa na hungojea amri ya kuonyeshwa. GTK 4, iliyotoka Desemba 2020, huizaa ikiwa wazi, isipokuwa madirisha makuu. `gtk_widget_destroy()` nayo imeondolewa. Dirisha kuu huharibiwa kwa `gtk_window_destroy()`, na wijeti za ndani hutolewa kwenye chombo chao, kisha huisha zenyewe pale wa mwisho aliyezishikilia anapoziachia.