Vifo vya hospitali: namba tunazozisoma vibaya

Dhana: Hospitali yenye vifo vingi ndiyo mbaya.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inawaonea wanaopokea wagonjwa walioshindikana kwingine. Chukulia hospitali mbili, kila moja na wagonjwa 1,000. Ya kwanza ilipokea mahututi 900, wakafa 90. Wenye nafuu 100, akafa 1. Ya pili ilipokea mahututi 100, wakafa 15. Wenye nafuu 900, wakafa 18. Kwa jumla ni vifo 91 kwa 33, na wewe ungekimbilia ya pili. Sasa tazama kundi kwa kundi: mahututi, asilimia 10 kule na 15 huku, wenye nafuu, asilimia 1 kule na 2 huku. Ile iliyoonekana machinjio ndiyo inayotibu vizuri zaidi, tena kwa makundi yote mawili. Ripoti isiyozingatia umri, maradhi mengine na ukali wa ugonjwa isikutishe wala isikutulize.

Dhana: Ripoti hizi ni za kumsaidia mgonjwa kuchagua pa kwenda.

Kwa kiasi kidogo tu. Aliyebanwa na kifua usiku wa manane hachagui, anapelekwa. Wanaozisoma kwa jicho kali ni hospitali zenyewe. Jimbo la New York lilianza mwaka 1990 kutangaza vifo vya upasuaji wa mishipa ya moyo. Hospitali moja ya Albany ilipojikuta mkiani, ilipekua mafaili na kuona kwamba waliokuwa wakifa ni wa dharura, waliokimbizwa kupasuliwa kabla hali zao hazijatulizwa. Ikabadili utaratibu, vifo vikapungua. Wapo pia waliolalamika kwamba madaktari wangeanza kuwakwepa wagonjwa dhaifu ili kulinda majina yao, na hofu hiyo haikuwa ya bure.

Dhana: Kutangaza ni kuwadhalilisha madaktari, mambo yamalizwe ndani.

Yalimalizwa ndani kule Bristol, Uingereza. Baadhi ya watu hospitalini walijua kwamba upasuaji wa moyo wa watoto ulikuwa na matokeo mabaya. Daktari wa usingizi alipiga kelele miaka kadhaa. Uchunguzi wa umma uliotoa ripoti mwaka 2001 ulikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995 watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja walikufa zaidi ya ilivyotarajiwa. Wazazi wao walikuwa wametia sahihi fomu za upasuaji bila kuzijua namba hizo.